Jumatano Alizoahidiwa Nesi Mercy

Mwaka nilioanza kazi hospitalini London ni ule ambao Waingereza waliogopa nyama ya ng'ombe. Jikoni walileta kuku Jumatatu, kuku Jumanne, kuku Jumatano, na Ijumaa wakaleta samaki ili kuku apumzike. Wazee wodini walikasirika. Mmoja alisukuma sahani akaniambia, "Mimi nimepigana vita, leo ng'ombe ndiye wa kunitisha?" Sisi tuliotoka Korogwe tuliendelea kula nyama yetu kimya kimya. Tulisema ikiwa ng'ombe ana wazimu, hayo ni mambo yake na mchinjaji.

Nawaandikia nyinyi wasichana mliobaki wodini, kwa sababu siku ya kuniaga mlisema, "Mama Tausi, tuandikie ulivyofanya kazi." Vyeo sitaandika, sikupata hata kimoja. Mshahara sitaandika, mnaujua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa aweke chini.

Nilianza kwa kufagia. Baadaye wakanifanya msaidizi wa manesi: kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza, kuwapeleka chooni, na kuwaosha tena mara ya mwisho wakishafariki. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Dorothy, nesi mkuu wa wodi, mwanamke wa Jamaika, mfupi kama kinu, saa yake imebandikwa kifuani kichwa chini miguu juu. Alinitazama mikono kabla hajanitazama uso. Akasema, "Kucha. Kata." Huko ndiko kukaribishwa kwangu.

Huyo mama ndiye chuo changu. Alinifundisha kwamba maji ya beseni yawe ya moto kuliko unavyodhani, maana utapoteza dakika tatu kutafuta taulo na mgonjwa ataoshwa na maji ya kisima. Mguse mgonjwa mkono kwanza, ndipo useme naye. Usiongee na mwenzako juu ya kichwa cha mtu aliyelala kama vile yeye ni meza. Shuka la kutelezea mgonjwa likunjwe hivi, siyo vile, la sivyo mgongo wako utakufa kabla yako. Na maiti aambiwe kila unachomfanyia: "Sasa nakugeuza, baba. Sasa nakuosha mgongo." Nilimuuliza kama maiti anasikia. Akanijibu, "Hakuna ajuaye. Ila wewe unajisikia."

Sista Dorothy alinisimulia kwamba yeye na wenzake wa visiwani walipokuja London wakiwa wasichana, wengi waliingizwa kwenye mafunzo ya manesi wa daraja la chini bila kuambiwa kwamba ngazi yao ina vidato viwili tu. Wazungu wenzao waliingia mlango wa pili, wakapanda. Yeye alikuja kugundua baada ya kuapishwa. Ilimchukua miaka mingi kurudi shule na kusomea alichonyimwa. Kila mara alikuwa ananiambia, "Chochote watakachokuahidi hapa, chukua karatasi. Mdomo wa mkubwa hauna mhuri." Nilimsikia. Neno lenyewe sikulishika. Mtaona.

Miaka ilikwenda. Ukaja mwaka wa ule ugonjwa wa korona, ambao wenye mikahawa walituletea piza na mchuzi wa Kihindi bure hadi tukachoka kuviona. Wagonjwa wetu walikuwa hawali. Nilikula piza baridi nimesimama, nikaosha maiti, nikala tena. Hayo yaishie hapa. Mwenye kutaka kuyajua alikuwepo, na ambaye hakuwepo hayatamwingia.

Mercy alifika wakati mafuta ya kupikia yalipoadimika madukani. Mkenya wa Kitale, miaka thelathini na minne, mrefu, anacheka kwa mabega. Huko kwao alikuwa nesi miaka tisa, zamu nzima iko chini yake. Hapa walimfanyisha mtihani wa kuonyesha jinsi ya kunawa mikono. Alirudi kutoka mtihani huo akaniambia, "Mama, nimezalisha watoto na tochi ya simu mdomoni, leo naulizwa sabuni inaenda wapi." Nikamwambia, "Waonyeshe inakokwenda, mwanangu, upate kibali chako." Akapita.

Huyo alikuwa nesi. Sisemi alikuwa na vyeti, nasema alikuwa nesi. Anaingia wodini, ananusa, anajua kitanda gani kina shida. Mgonjwa akimwambia yuko sawa, anamtazama miguu.

Mwaka nyanya zilipokosekana, tukawa tunapimiwa pakiti dukani kama dawa, ndipo alipoanza kunieleza habari za masta, ile shahada ya uzamili ya uuguzi. Tulikuwa kwenye jiko dogo la wafanyakazi, tunangoja birika. Alichukua karatasi ya kufutia mikono akanichorea.

"Njia ziko nyingi, Mama. Ukiwa na digrii ya kwanza, unaenda moja kwa moja. Ukiwa na stashahada kama mimi, unaweza kusoma kwanza mwaka mwingine wa kutengeneza digrii, halafu upande."

"Mwaka mwingine? Na ile miaka tisa?"

"Ndiyo nakuja hapo. Kuna vyuo vinaangalia kazi umefanya. Unaandika maelezo ya kazi yako, na ushahidi, wakubali wakuingize kwa cheti cha uzamili. Ukipita, unaenda stashahada ya uzamili. Halafu unaandika utafiti wako, unapata masta. Ukikwama katikati, hutoki mikono mitupu."

"Na hii ya mwisho umeizungushia duara?"

"Hiyo ni ya hospitali. Unafanya kazi huku unasoma, unatoka nesi mkubwa wa kupima wagonjwa na kuandika dawa. Lakini huendi kuiomba hivi hivi, lazima meneja akukubali."

Nikamwambia, "Hiyo ni kama posa. Unajipaka wanja, unakaa mlangoni."

Alicheka hadi maji yakamwagika. Akachagua ile ya tatu, ya kupanda kidato kimoja kimoja.

Njia nyingine hakuichora kwa sababu haikumhusu, ila mimi naijua, maana iko nyumbani kwangu. Kijana anatoka sekondari, anasoma miaka minne, anatoka nesi kamili na masta yake mkononi kwa pamoja. Mjukuu wangu Zawadi yumo humo. Msinikatishe, nitamsifu. Mtoto amezaliwa Tottenham, ghorofa ya saba, lifti mbovu, bibi yake hajui kuandika barua bila kung'ata kalamu, na bado aliingia chuo kikuu kwa alama ambazo mwalimu wake alizisoma mara mbili. Nikimwona kavaa sare ya mwanafunzi najisikia nimevaa mimi. Naringa. Wanasema nina kiburi. Ninacho, nimekifulia na kukipiga pasi. Lakini nawaambia ukweli, kuna siku nilimtazama Zawadi na vitabu vyake, nikamfikiria Mercy, nikaona jinsi huyu atakavyopata masta kabla hajamfumba maiti macho, na yule amefumba mangapi.

Mercy alikubaliwa. Alinionyesha barua kwenye simu. Alikuwa anacheka kwa mabega yake, na mimi, badala ya kupiga vigelegele, niliifunika ile simu kwa kiganja changu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, Mama."

"Basi ibaki hivyo. Usimwambie mtu mpaka siku unavaa joho."

Mnajua jinsi tulivyo. Mimba haitangazwi, safari haitangazwi, viza haitangazwi, hata nyumba mtu anahamia ndipo anasema. Nimeona mwenzetu katangaza kanisani kwamba anasomea udaktari, wakampigia makofi, hakumaliza, na hadi leo wakimwona wanamuuliza habari za udaktari. Nilitaka kumkinga mwanangu na macho ya watu.

Ila kulikuwa na fomu. Nesi anayesoma anatakiwa ajaze fomu ya ruhusa ya masomo, ipite ofisi ya mafunzo, igongwe mhuri, nakala abaki nayo. Na aliyekuwa anapokea fomu hizo ni dada mmoja anayesali na Mercy kanisa moja, Thornton Heath. Mwema sana, mdomo wake hauna kifuniko. Mercy akasema, "Nikipeleka hiyo fomu Ijumaa, Jumapili naombewa madhabahuni." Nikamjibu, "Achana na fomu. Muombe Helen kwa mdomo."

Ni mimi niliyesema. Niandike wazi msije mkamtafuta mwingine. Sista Dorothy aliniambia nishike karatasi, na mimi nikamwambia Mercy aiache.

Helen alikuwa meneja wa wodi yetu. Si mtu mbaya, na sitaki mumfanye mbaya. Alikuwa mwanamke aliyechoka, anakula biskuti chakula cha mchana, anaomba manesi kwa wakubwa na anapewa hadithi. Mercy alimfuata kwenye chumba cha shuka. Helen anahesabu shuka, mimi nakunja foronya, hatua mbili kutoka walipo. Mercy akaeleza chuo, akaomba Jumatano. Helen akafurahi kweli kweli. Akamshika mkono. Akasema, "Jumatano ni zako. Fomu ya nini? Tunajuana." Akanigeukia mimi akasema, "Siyo, Tausi?" Nikaitikia. Wakati ule niliona ni wema. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba fomu ile ingemlazimu Helen atafute nesi wa kushika nafasi, na nesi huyo hakuwepo. Kila mmoja wetu mle chumbani alikuwa na sababu yake ya kutoitaka karatasi.

Mwaka wa kwanza ukaenda. Rota, ile orodha ya zamu, ilitoka na jina la Mercy Jumatano, kama kawaida ya kompyuta yao, na kila Jumatatu Helen alilifuta kwa mkono akapachika yeyote aliyempata. Mercy alikuwa anasoma kwenye treni, anasoma akingoja birika. Akapata cheti cha kwanza. Nilimpikia pilau nyumbani kwangu, mlango umefungwa, tukala sisi wawili na Zawadi kama wezi.

Halafu ikaja Jumatatu moja ya baridi, Helen akaugua tumbo. Hakuja kazini Jumatatu wala Jumanne. Jina halikufutwa. Jumatano Mercy akaenda chuo kama Jumatano zote, na sisi tukabaki na nesi mmoja wetu na mmoja wa kukodiwa kwa siku kutoka kwa wakala, ambaye hakujua hata choo kilipo. Wagonjwa ishirini na wanane.

Kitanda cha sita alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha basi. Mrefu, mtaratibu, kola imefungwa hata akiwa kitandani. Hakupenda kubonyeza kengele. Alisema kengele ni ya abiria. Kila saa nne asubuhi Mercy alikuwa anamwendea bila kuitwa, anamwambia, "Dereva, twende kituo," wanakwenda chooni wakicheka. Siku ile saa nne ilifika na Mercy hayupo. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mama mmoja mzito, nimemninginiza kwenye mashine ya kuinulia, yuko hewani kati ya kitanda na kiti. Nikasikia kishindo.

Nyie mnaoifanya kazi hii mnajua. Mtu aliye hewani huwezi kumwacha. Unamshusha taratibu kwa kile kidude kinacholia polepole, na kule unamsikia mwingine sakafuni hapigi kelele, anasema tu, "Samahani. Samahani." Nilimshusha yule mama. Nilikimbia. Mzee alikuwa ameshika mguu wa meza, suruali imelowa, ananiomba samahani mimi.

Nyonga ilivunjika. Siku ya kumi na moja alifariki. Nilimwosha mimi, nikimwambia kila ninachofanya. Mercy alisimama upande wa pili wa kitanda, akamfunga kola kama alivyopenda mwenyewe.

Wakaja na uchunguzi. Wodi ilikuwa na manesi wachache, kwa nini? Kwa sababu mmoja alikuwa kwenye rota na hakuja. Alikuwa na ruhusa? Onyesha fomu. Hakuna fomu. Helen aliulizwa. Akasema hakumbuki kutoa ruhusa ya kila Jumatano, huenda walizungumza siku moja, juu juu. Alisema hivyo akitazama meza. Ana watoto wawili na alikuwa ameshaonywa kuhusu rota. Mimi namwelewa. Kumwelewa mtu hakumfanyi awe sahihi.

Mercy hakufukuzwa kazi palepale. Walimzuilia barua. Chuo kilitaka barua ya hospitali kila mwaka kusema huyu ni nesi wetu, hana kesi, tutamsimamia kwa vitendo. Bila barua, mwaka wa pili haupo. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kochi na koti lake mwilini.

"Mama, wewe ulikuwa pale kwa chumba cha shuka."

"Nilikuwepo."

"Ukisema, watanipa barua."

"Nitasema."

Akalikusanya koti kifuani. Kisha akasema, "Aki ya Mungu, ningejaza tu ile fomu."

Nikamwambia, "Ni mimi niliyekukataza."

Nilingoja aseme hapana, Mama, si wewe. Mtoto mwenye adabu kama yule, nilidhani atasema. Hakusema. Alifunga vifungo vya koti akaondoka. Hapo ndipo pamenikaa.

Nilikwenda nikatoa ushahidi kwa binti mmoja wa ofisi ya wafanyakazi. Nilimweleza shuka, foronya, mkono alioshikwa Mercy, maneno yote. Aliandika, anatikisa kichwa kwa huruma. Baada ya wiki tatu ikaja karatasi iliyopigwa chapa niitie sahihi. Nikampa Zawadi anisomee, maana Kiingereza cha ofisi kinavaa tai. Akasoma. Ilisema kwamba Bibi Tausi alikuwepo chumbani, lakini alikuwa ameshughulika na kazi zake na hakusikia makubaliano yoyote.

"Rudia hapo," nikamwambia. Akarudia.

"Sikusema hivyo."

Zawadi ananielewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza chake cha Tottenham, kwa hiyo nawaandikia maana yake. Alisema, "Bibi, tia sahihi tu. Unastaafu mwezi huu. Na mimi mwezi ujao naletwa hospitali hiyo hiyo kwa mazoezi. Wataniuliza jina."

"Watakuuliza jina utawatajia."

"Kwako ni rahisi."

Hakuwa amekosea. Huyo ndiye mtoto ninayeringa naye mtaa mzima, na nilimwona anaogopa kwa sababu yangu. Sikulala na amani siku zile, na sitajifanya kwamba nilikuwa jasiri.

Siku moja kabla ya siku niliyoitwa ofisini kutia sahihi, Mercy alinipigia simu mchana. Nikasikia treni nyuma yake.

"Kesho usijisumbue, Mama. Siku ya mwisho ya barua imepita. Chuo wamenitoa."

"Si uwaombe wakungoje?"

"Nimeomba. Nimepata kazi kwa nyumba ya wazee, nje ya London. Huko hawataki masta."

"Na cheti ulichopata?"

"Ninacho. Si nilikuambia mtu hatoki mikono mitupu." Akacheka, lakini hicho kicheko sikukijua.

Nimefanya hesabu ya maisha yangu ya kazi, wasichana. Nimefundisha manesi wengi wenye digrii jinsi ya kugeuza mtu bila kumuumiza. Hao walinisahau, na sawa tu. Mmoja tu nilimwongoza kama mwanangu, nikamwongoza shimoni kwa mila zangu nzuri. Mkiniuliza nimebakiza nini mle wodini, nawaambia sioni. Zile foronya anakunja mwingine. Kitanda cha sita kina mtu mwingine asiyependa kengele. Jazeni fomu zenu. Acheni watu waone, acheni watu waseme, wakuombeeni hadi wakauke koo, lakini jazeni.

Nilikwenda ofisini hata hivyo. Ushahidi wangu haukuwa na wa kumwokoa tena, na ndiyo maana walinikaribisha kwa upole, na chai. Binti wa ofisi alikaa upande mmoja, Helen upande wa pili. Karatasi katikati, kalamu juu yake. Helen alikuwa amekonda.

Binti akasema, "Ni kufunga faili tu, Tausi. Hakuna atakayeumia sasa."

Nikamtazama Helen. Nikamwambia, "Ulinigeukia ukaniuliza, siyo, Tausi? Nikaitikia."

Helen akasema polepole, "Tausi, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Mercy ameshaondoka. Mjukuu wako anakuja kwetu, nitamwangalia vizuri, nakuahidi. Nisaidie na mimi."

Hakunitisha. Ningependa anitishe. Alikuwa ananiomba, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nikaisukuma kalamu. Nikasema, "Nilikuwepo na nilisikia. Karatasi ya kusema sikusikia siiwekei jina langu."

Binti wa ofisi akadhani sikuelewa. Akaigeuza karatasi ielekee kwangu, akaweka kidole kwenye mstari, akanieleza tena kuanzia juu, neno moja moja, kama anavyoelezwa mgonjwa aliyechanganyikiwa. Nikamwacha amalize. Chai ikapoa. Helen alikuwa anatazama dirishani.

"Umeelewa sasa, Mama?" akaniuliza.

"Nilikuwepo na nilisikia. Karatasi ya kusema sikusikia siiwekei jina langu."